Sindbadi Kahamishwa Baghdad: Senema na Asili za Mashujaa

Na Mwandishi Wetu

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Ila hawakutwambia yu katika hali gani yule aliyeachishwa asili yake na watu wengine, tena bila ya kuulizwa wala kushauriwa. Swali hili si la mchezo. Limezuka mara nyingi kila senema inapokichukua kisa cha kale kinachopendwa, ikamvua shujaa wake kilemba alichorithi na kumvika kofia ya watu wengine. Hapo mashabiki huja juu, magazeti yakajaa lawama, na watengenezaji wa filamu wakajibu kwamba hadithi ni hadithi tu, haina pasipoti.

Kisa kinachotugusa zaidi sisi watu wa mwambao ni cha Sindbadi Baharia. Mnamo Julai 2003 kampuni ya DreamWorks ya Marekani ilitoa filamu ya katuni iitwayo "Sinbad: Legend of the Seven Seas". Jina ni lake, bahari saba ni zake, hata samaki aliye mkubwa kama kisiwa na ndege apitaye kiasi wamo. Lakini Baghdad haimo. Basra haimo. Harun Rashid hayumo. Rafiki wa utotoni wa Sindbadi huyu ni Proteus, mwana wa mfalme wa Syracuse, mji wa Wayunani wa kale katika kisiwa cha Sicily. Adui yake ni Eris, ambaye Wayunani hao walimwita mungu wa fitina. Chombo chake chaelekea Tartarus, kuzimu ya ngano za Kiyunani, na sauti yake ni ya Brad Pitt. Mtoto aliyeingia kuitazama bila ya kumjua Sindbadi alitoka akiamini kwamba baharia huyo alikuwa Myunani tangu kuzaliwa kwake.

YULE TUMJUAYE

Hebu tumkumbuke Sindbadi mwenyewe. Hamali mmoja wa Baghdad, naye jina lake Sindbadi, amechoka kwa jua na mzigo. Akautua mlangoni pa tajiri ili apumzike. Kutoka ndani akasikia nyimbo na kunusa vyakula, akaanza kulalamika jinsi riziki ilivyogawanywa duniani: huyu analala juu ya hariri, na huyu avunjika mgongo kwa mizigo ya watu. Mwenye nyumba akamsikia. Hakumfukuza. Alimwita ndani, akamlisha, kisha akaanza kumsimulia safari zake saba, na kila baada ya masimulizi humpa mithkali mia za dhahabu aende nazo kwake.

Katika safari hizo Sindbadi si haramia, na wala si nahodha. Ni mfanyabiashara. Hununua bidhaa Baghdad, akateremka hadi Basra, akapanda chombo pamoja na wafanyabiashara wenzake. Chombo kikivunjika hushika ubao na kumtaja Mola wake. Akiokoka humshukuru, na akifika nyumbani huwatolea sadaka maskini, mayatima na wajane. Hamali alilalamikia kudura, na safari saba ndizo jibu alilopewa: mali unayoionea wivu ina jasho nyuma yake, ina hofu, na juu ya yote ina rehema ya Mwenyezi Mungu. Ukiiondoa biashara hiyo na imani hiyo, kinachosalia ni mazimwi na mawimbi tu.

Filamu ya 2003 iliyaondoa yote mawili. Hamali hakutajwa. Mfanyabiashara akawa mwizi wa baharini. Na mtu ambaye kila dhiki ilimrejesha kwa Mola mmoja akatupwa katikati ya miungu ya Wayunani. Mtu wa kwetu akisema kwamba huyo si Sindbadi bali ni mtu mwingine aliyeazima jina lake, nani atamlaumu?

BAHARI YENYEWE NI HII

Tena bahari aliyoivuka Sindbadi si ya kubuni. Ni hii ipigayo kuta za Ngome pale Mombasa. Al-Masudi, mwanahistoria mzaliwa wa Baghdad, alisafiri kuja Qanbalu, mahali ambapo wataalamu wengi hudhani kuwa ni Pemba, na safari yake ya mwisho ya kurudi Oman kutoka huko ilikuwa mwaka 304 Hijria, yaani kiasi cha 916. Katika karne hiyo hiyo ya kumi nahodha Buzurg bin Shahriyar alikusanya masimulizi ya mabaharia katika kitabu kiitwacho "Ajaib al-Hind". Mojawapo ni kisa cha mfalme wa nchi ya Zanji aliyetekwa na wafanyabiashara na kuuzwa Oman. Akapelekwa Basra na Baghdad, akasilimu, akaenda Makka na mahujaji, akapitia Misri mpaka akarejea kwenye kiti chake. Siku moja dhoruba ikawatupa wale wale waliomteka mbele yake. Akawasamehe, kwa kuwa wao ndio waliokuwa sababu ya yeye kuujua Uislamu. Msomaji ataona mwenyewe kwamba kisa hicho na vya Sindbadi vimepikwa katika chungu kimoja.

Hata yule ndege Rukh, ambaye yai lake Sindbadi alilidhania kuwa ni kuba, ana kiota upande wetu. Marco Polo, Mtaliano wa karne ya kumi na tatu, alimweka katika visiwa vya upande wa kusini wa Bukini. Na Bukini kweli walikuwako ndege wakubwa wasioweza kuruka, warefu kiasi cha mita tatu, ambao yai lao moja lilichukua ujazo wa mayai ya kuku zaidi ya mia. Ndege hao wametoweka, lakini mayai yao yapo katika majumba ya makumbusho. Wataalamu wengi wanaona kwamba huenda mayai hayo ndiyo yaliyozaa ngano.

Mwaka 1980 mwandishi na msafiri mmoja, Tim Severin, alitaka kujua kama safari za Sindbadi zingewezekana. Kwa msaada wa Sultan Qaboos akajengewa chombo huko Sur, Oman, bila ya msumari hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na washonaji walitoka visiwa vya Lakshadweep vya Bara Hindi. Chombo kikaitwa Sohar, kwa jina la mji ambao watu wa Oman husema ndiko alikozaliwa Sindbadi. Kilingʼoa nanga Maskati mnamo Novemba 1980, na Julai 1981 kikafika Canton, Uchina. Hadi leo kinatazamwa Maskati, kimewekwa kando ya barabara karibu na Al Bustan. Wazee wa Lamu na Pate ambao babu zao walijenga mitepe hawahitaji kuelezwa maana ya chombo cha kushonwa. Sindbadi akija kwetu asingeshangaa na chombo, wala asingepotea katika kusi na kaskazi.

Ndiyo maana kumwondoa Basra si jambo dogo. Ni kuufunga mlango mmoja wa historia ya Bahari ya Hindi, bahari iliyojaa wasomi na wafanyabiashara Waislamu kwa karne nyingi kabla ya merikebu za Vasco da Gama kuonekana mwaka 1498.

ALIVULIWA KIDOGO KIDOGO

Haikuwa kazi ya siku moja. Mwaka 1947 Douglas Fairbanks mdogo alikuwa Sindbadi. Mwaka 1958 akaja Kerwin Mathews, katika filamu iliyosifiwa kwa mazimwi yaliyoundwa na fundi Ray Harryhausen. Fundi huyo akaendelea na John Phillip Law mwaka 1973, kisha Patrick Wayne mwaka 1977. Wote wanne ni Wamarekani. Mtazamaji aliuona uso wa Hollywood chini ya kilemba.

Hata hivyo kilemba kilikuwapo. Katika filamu ya 1958 Sindbadi ni wa Baghdad. Katika ile ya 1973 anawahimiza mabaharia wake wamtegemee Allah lakini wamfunge ngamia, maneno ambayo kila aliyepita chuoni anajua yametoka katika hadithi gani ya Mtume. Basi uso ndio uliotangulia kwenda. Ikafuata kazi, mfanyabiashara akawa nahodha au mwana wa mfalme. Na mwaka 2003 ukaenda mji, na dini ikaufuata.

Mwaka huo nao ulikuwa na mambo yake. Majeshi ya Marekani yaliingia Baghdad mnamo Aprili 2003, na filamu ikatoka Julai. Katuni hutengenezwa kwa miaka, kwa hivyo si haki kusema kwamba vita ndivyo vilivyomhamisha Sindbadi. Lakini watazamaji walizipokea habari mbili kwa pamoja: katika televisheni, Baghdad isiyo na kitu ila mabomu na moshi, na katika senema, Sindbadi asiye na Baghdad.

Aliyepaza sauti zaidi ni Profesa Jack Shaheen, Mmarekani mwenye asili ya Lebanon, aliyefariki mwaka 2017. Huyu alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akizitazama filamu za Hollywood zenye Waarabu ndani yake, na katika kitabu chake "Reel Bad Arabs" cha 2001 alizichambua zaidi ya 900. Alikuta Mwarabu aghalabu ni mmoja wa watu watatu: gaidi, sheikh wa mafuta mwenye tamaa, au mwizi wa jangwani. Alimwomba Jeffrey Katzenberg, mmoja wa wakuu wa DreamWorks, aingize angalau dalili za utamaduni wa Kiarabu katika filamu hiyo. Kwa maoni yake kampuni iliogopa hasara, na pengine matata ya siasa, endapo shujaa angekuwa Mwarabu.

Hasara walipata vile vile, ya kiasi cha dola milioni 125 kama ilivyoripotiwa. Tusijidanganye kwamba hayo yalikuwa malipo ya kumhamisha Sindbadi, kwani msimu huo ulikuwa na filamu nyingine zenye nguvu, zikiwemo za samaki Nemo na maharamia wa Karibi. Ila jambo moja limethibiti: kumvua asili yake hakukuwaletea faida waliyoitarajia.

ALADINI, MCHINA WA HALABU

Sasa msomaji ataniuliza: Je, kila mabadiliko ni dhuluma? Hapana. Na ili tusiwe wepesi wa kuhukumu, tumtazame Aladini.

Wengi wetu tunamjua kama kijana wa Kiarabu. Lakini katika kitabu Aladini ni mwana wa mshona nguo katika mji mmoja wa Uchina, na mchawi anayemhadaa ametoka Maghribi, upande wa Afrika. Wala kisa chake hakimo katika miswada ya kale ya Alfu Lela Ulela. Mfaransa Antoine Galland alikisikia mjini Paris mwaka 1709 kutoka kwa Hanna Diyab, kijana Mkristo wa Halabu, nchi ya Sham, akakichapisha mwaka 1712. Jina la msimulizi halikutajwa katika kitabu, na karne nyingi zikapita kabla ya ulimwengu kumpa haki yake. Hata safari za Sindbadi zilikuwa kitabu mbali, na ni Galland huyo huyo aliyeziingiza katika Alfu Lela Ulela.

Kampuni ya Disney ilipotoa katuni ya Aladini mwaka 1992 ilimtoa Uchina na kumpeleka Agrabah, mji wa kubuni wenye jangwa na ngamia. Hakuna shabiki aliyelia kwa sababu ya Uchina. Kilichowachoma watu ni kingine. Aladini na binti mfalme walisema Kiingereza cha vijana wa Marekani, ilhali walinzi na wachuuzi waovu wakapewa lafudhi nzito na sura za kutisha. Na wimbo wa kufungulia uliitaja nchi hiyo kuwa ni mahali ambapo mtu hukatwa sikio kwa sababu tu uso wake haukupendeza.

Jumuiya ya Wamarekani wenye asili ya Kiarabu inayopinga ubaguzi, ADC, ililalamika. Mwaka 1993, katika kanda za kutazamia nyumbani, ubeti ule wa sikio ukabadilishwa, lakini neno la kuiita nchi hiyo ya kishenzi likabakia. Ilibidi kungoja filamu mpya ya 2019 ndipo neno hilo nalo likaondolewa. Kumbe malalamiko yana kazi yake, ingawa yachukua miaka 26.

Filamu hiyo ya 2019 nayo haikukosa kelele. Aladini alikuwa Mena Massoud, mzaliwa wa Cairo aliyekulia Kanada, na hapo wengi waliridhika. Binti mfalme alikuwa Naomi Scott wa Uingereza, ambaye mama yake ni Mhindi wa Kigujarati aliyezaliwa Uganda. Baadhi ya mashabiki wakanungʼunika kwamba Waarabu na Wahindi wanachanganywa kama kwamba ni kitu kimoja. Sisi tuliokaa mtaa mmoja na Wahadhrami na Wagujarati tunaielewa hoja hiyo vizuri: jirani si lazima awe ndugu wa damu, na kila mmoja ana jina lake.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Haki pia yatutaka tuwasikilize wengine wanaosema asili imevunjwa. Mwaka 2023 Disney ilitoa filamu mpya ya nguva mdogo, na nguva akawa Halle Bailey, msichana Mmarekani mweusi. Hata kabla ya filamu kutoka, watu wengi walifoka kwamba nguva wao ni mweupe mwenye nywele nyekundu. Je, hoja yao si sawa na yetu kuhusu Sindbadi?

Nadhani si sawa, na sababu yake si kwamba sisi ni sisi na wao ni wao. Kisa cha nguva kiliandikwa na Hans Christian Andersen wa Denmark mwaka 1837. Chasimulia kiumbe wa baharini anayempenda mwanadamu na kuitoa sauti yake ili apate miguu. Rangi ya ngozi haiendeshi chochote ndani yake. Ukiibadilisha, bahari iko pale pale, sauti inatolewa vile vile, na machozi ni yale yale. Lakini jaribu kumwondoa Sindbadi Basra, biashara na imani yake, kisha utafute safari saba. Hutaziona.

Mfano wa tatu unaonyesha kwamba si Waarabu peke yao walioonja shubiri hii. Ursula Le Guin, mwandishi wa Marekani, alibuni dunia ya visiwa iitwayo Earthsea katika kitabu chake cha 1968. Kwa makusudi aliwafanya watu wake wengi wawe weusi au wa rangi ya shaba, naye shujaa Ged akawa mwekundu wa kahawia. Televisheni ilipokionyesha kisa hicho Desemba 2004, Ged akageuzwa kijana mweupe. Mwandishi alikuwa hai, na hakunyamaza: aliandika makala makali akieleza kwamba rangi ile aliichagua akijua anachokifanya, na kwamba hakuulizwa. Sindbadi hana mwandishi wa kumtetea. Anao wasomaji tu.

KIPIMO

Basi tupime kwa mizani gani? Mimi naona maswali matatu yatosha.

La kwanza: kilichoondolewa ni pambo au ni nguzo? Pambo likienda nyumba yasimama, nguzo ikienda paa laja chini.

La pili: asili imeondolewa kwa wema na kuachwa kwa waovu? Hapa ndipo pabaya zaidi. Ikiwa shujaa wa Basra anahamishiwa Syracuse, ilhali katika filamu nyingine mia tisa gaidi na mwizi wanaachiwa Uarabu wao, basi hiyo si sanaa huru. Ni kugawa nyama na kumwachia mwenye ngʼombe mifupa.

La tatu: wenye kisa wanayo nafasi ya kukisimulia wenyewe na kusikiwa? Mwenye nafasi hiyo hatishiki na msimulizi mwingine. Asiyekuwa nayo, kosa la mgeni mmoja huwa ndiyo habari pekee ulimwengu iliyo nayo.

Sisi wenyewe tumebadilisha. Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi mkubwa wa Kiarabu katika zama za Harun Rashid. Katika hekaya zetu Abunuwasi amekuwa mjanja wa mjini, bingwa wa kuwachezea matajiri na masultani. Mashairi yake tumeyasahau, mzaha wake tumeuongeza. Lakini hatukumnyangʼanya Baghdad, wala hatukumtoa mbele ya Harun Rashid. Tulimwazima kama jirani anavyoazima sufuria: tukalipikia chakula chetu, tukijua lina mwenyewe.

TUFANYE NINI?

Lawama pekee hazitoshi. Tufikiri iwapo kesho kampuni kutoka mbali itamchukua Fumo Liyongo na kumfanya mwana wa mfalme wa nchi za barafu. Mkate wa wishwa uliofichwa tupa utaondolewa, sindano ya shaba itageuzwa upanga, na Pate na Ozi hazitatajwa. Sisi tutapiga kelele, nao watatuuliza: Yenu iko wapi tuitazame? Tutawaonyesha utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu wa mwaka 1913, na hiyo ni hazina kweli kweli. Lakini vijana wa leo wanataka pia kukiona kisa kwa macho. Kamera siku hizi si ghali kama zamani, na waigizaji hodari wa Kiswahili tunao, kuanzia Lamu hadi Unguja. Kinachopungua ni mwenye mali atakayeona kwamba Liyongo anastahili fedha kama anavyostahili harusi ya siku tatu.

Na nyumbani kuna jambo lisilohitaji hata senti. Hadithi za Alfu Lela Ulela zilifasiriwa kwa Kiswahili tangu zama za ukoloni na Edwin Brenn, na kabla ya hapo zilikuwa midomoni mwa mabibi zetu. Mzazi asingoje skrini imsimulie mwanawe. Ampe kwanza Sindbadi wa Basra, pamoja na Hamali wake na mithkali zake mia. Akishamjua huyo, mwache amtazame wa Syracuse akipenda. Atafurahia mawimbi na mazimwi kama watoto wote, kisha filamu itakapokwisha atauliza mwenyewe: Hamali yuko wapi?